Kituo cha Tunguu na Njia ya Kwenda Mirihi

Historia ya safari za binadamu nje ya dunia huandikwa kwa kawaida kama historia ya mahali pachache: Cape Canaveral katika jimbo la Florida, Baikonur katika nyika za Kazakhstan, Houston, Moscow na, katika miaka ya karibuni, Jiuquan huko China. Pwani ya Afrika Mashariki haimo katika orodha hiyo, na msomaji wa Temeke au Kinondoni anayesikia leo kwamba mataifa makubwa pamoja na matajiri wachache wanajiandaa kupeleka watu Mirihi, sayari nyekundu ambayo wengi sasa huiita Mars, ana kila sababu ya kudhani kwamba habari za namna hiyo hazijawahi kupita karibu na kwao. Zimepita, tena karibu sana. Katika miaka ya mwanzo ya 1960, ng'ambo ya mkondo wa bahari unaoitenga Dar es Salaam na Unguja, palikuwa na kituo kilichosikiliza moyo na sauti ya kila Mmarekani aliyeizunguka dunia kati ya 1962 na 1963. Kituo hicho kikaondolewa kwa amri ya serikali iliyozaliwa na mapinduzi, na sababu za kuondolewa kwake zinaeleza sharti moja la safari za anga ambalo vitabu vya uhandisi hulipita haraka, kwamba chombo kinachoruka juu ya dunia yote kinahitaji ardhi ya watu wengine, na watu hao wana haki ya kuulizwa.

Temeke ya wakati huo ilikuwa kitongoji kipya cha Waafrika kusini mwa bandari ya Dar es Salaam, kilichopanuliwa na serikali ya kikoloni baada ya Vita Kuu ya Pili, kama ilivyokuwa Ilala na Magomeni, ili kuwapatia makazi wafanyakazi wa gati, reli na viwanda. Mambo ya mawasiliano ya mbali hayakuwa mageni kwake, kwani mtaa wake wa Wailes una jina ambalo wenyeji hulihusisha na mitambo ya simu ya upepo, yaani redio isiyotumia waya, na mji wenyewe ulikwisha kuonja vita vilivyopiganiwa minara ya aina hiyo pale Wajerumani walipoubomoa mlingoti wao wa redio kwa mikono yao Agosti 1914, manowari ya Waingereza ilipofika kuupiga mizinga. Ilikuwa ni Temeke vilevile, katika Uwanja wa Taifa wa Chang'ombe ambao sasa unaitwa Uwanja wa Uhuru, ambako bendera ya Uingereza ilishushwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Siku kumi kabla ya usiku huo chombo cha Marekani kilichombeba sokwe mtu aitwaye Enos kilizunguka dunia mara mbili, na Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyowekwa kukisikiliza. Kwa hiyo abiria wa kwanza kufuatiliwa kutoka pwani hii hakuwa mtu, jambo ambalo waandishi wa magazeti ya siku hizo wangelifanyia mzaha mwingi kama wangelitaka.

Sababu ya kuwekwa kituo mahali hapo ni ya kijiometria. Mawimbi ya redio yanayotumika kuzungumza na chombo cha anga husafiri kwa mstari ulionyooka, na kwa kuwa dunia ni mviringo, kituo kimoja huweza kukisikia chombo kinachopita kilometa mia mbili juu kwa dakika sita au saba tu, kisha chombo huzama nyuma ya upeo wa macho na kimya kinaingia. Marekani ilipoanzisha Mradi wa Mercury mwaka 1958, yaani mpango wake wa kwanza wa kumrusha binadamu, ilitaka kimya hicho kiwe kifupi kadiri ilivyowezekana, na kwa hiyo ikasambaza vituo 18 vya ufuatiliaji kuzunguka dunia, viwili kati yake vikiwa juu ya meli, vyote vikifuata obiti, yaani njia ambayo chombo huipita kinapozunguka. Njia hiyo ilitoka Florida, ikavuka Atlantiki kupitia Visiwa vya Canary, ikaikata Afrika kutoka kaskazini magharibi kwenda kusini mashariki, ikapita Kano nchini Nigeria na kutokea baharini karibu na Unguja, kabla ya kuelekea Australia. Yeyote aliyetazama ramani aliona kwamba baada ya Kano hapakuwa na mahali pengine pa maana pa kusimamisha minara isipokuwa pwani hii, na mashariki yake ilikuwa maji matupu ambayo yangeweza kulindwa na meli tu.

Makubaliano yalifanyika Oktoba 1960 kati ya Marekani na Uingereza, iliyokuwa ikiilinda Zanzibar kama nchi ya himaya, na kituo kikajengwa Tunguu, katikati ya kisiwa cha Unguja upande wa mashariki ya Mji. Kazi yake ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza ni telemetri, maana yake ni kupima kwa mbali: chombo hutuma kwa redio takwimu za joto, hewa, umeme wa betri na mapigo ya moyo wa aliyemo ndani, na kituo hupokea na kuzichora takwimu hizo papo hapo. Ya pili ni mazungumzo ya sauti, ambayo kwa kawaida yalihusisha mtaalamu wa mitambo na daktari aliyeketi mbele ya saa na kalamu za mashine akisoma hali ya mwili wa mtu aliyekuwa akipita juu yake kwa mwendo wa takriban kilometa 28,000 kwa saa. Hapakuwa na roketi Tunguu wala mahali pa kuirushia.

Maelezo hayo hayakuwaridhisha watu wengi wa Unguja, na ni kosa kuwacheka. Chama cha Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party, ambacho katibu mkuu wake alikuwa Abdulrahman Mohamed Babu, kiliongoza upinzani na maandamano dhidi ya kituo, kikidai kwamba mitambo ya Wamarekani ingekiingiza kisiwa katika ugomvi wa mataifa makubwa na kukifanya shabaha ya makombora siku vita vitakapozuka. Uvumi kwamba Tunguu ilikuwa kambi ya makombora ulienea sana, na ingawa haukuwa kweli, ulisimama juu ya jambo la kweli: roketi ya Atlas iliyompeleka mwanaanga wa Mercury katika obiti ilikuwa imebuniwa kwanza kama kombora la kubebea bomu la nyuklia. Aliyesema kwamba sayansi na silaha zilikuwa na mzazi mmoja alikuwa na ushahidi mkononi. Zaidi ya hayo, mkataba ulikuwa umeandikwa na dola mbili za Kizungu miezi michache tu kabla ya uchaguzi wa Januari 1961, wakati ambapo suala la nani mwenye kauli juu ya ardhi ya Zanzibar ndilo lililokuwa likipiganiwa katika kila mkutano wa hadhara.

Kituo kilifanya kazi yake, hata hivyo, na kilele cha kazi hiyo kilikuwa tarehe 20 Februari 1962. John Glenn alirushwa kutoka Florida saa 11:47 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, ndani ya chombo alichokiita Friendship 7, na baada ya nusu saa hivi alikuwa akipita juu ya pwani hii. Mwezi ulikuwa wa Ramadhani, kiasi cha katikati yake. Kwa hiyo wakati daktari wa Tunguu alipokuwa akimuuliza hali yake na kupima namna moyo wake ulivyoitikia zoezi la kuvuta kamba ya mpira ndani ya chombo, Unguja na upande wa pili wa mkondo, kutoka Mtoni hadi Keko huko Temeke, watu walikuwa wakingoja magharibi iingie wafuturu. Jua lilikuwa bado halijatua, kwa hiyo hapakuwa na cha kuonekana angani kwa macho; Glenn mwenyewe aliliona jua likizama dakika chache baadaye juu ya Bahari ya Hindi, kwa kasi ambayo hakuna nahodha wa jahazi aliyewahi kuishuhudia. Mzunguko wake wa pili ulimfikisha tena sehemu hizi karibu na wakati wa isha. Swali la kitabibu lililokuwa likijibiwa katika dakika hizo halikuwa dogo, kwa sababu wataalamu kadhaa walikuwa wameonya kwamba binadamu asiye na uzito huenda akashindwa kumeza chakula, kuona vizuri au kutambua alipo, na vipimo vilivyochorwa katika vituo kama hiki vilikuwa sehemu ya jibu la awali kabisa kwamba mwili unastahimili. Kila mpango wa leo wa kumpeleka mtu Mirihi umejengwa juu ya jibu hilo.

Baada ya Glenn walipita Scott Carpenter mnamo Mei 1962 na Walter Schirra tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo. Tarehe hiyo ya Schirra inastahili kutajwa kwa sadfa moja ambayo hakuna aliyeijua wakati ule: siku hiyohiyo, katika kijiji cha Zagami kaskazini mwa Nigeria, jiwe la kilo 18 hivi lilianguka kutoka angani katika shamba, hatua chache kutoka kwa mkulima aliyekuwa akifukuza kunguru, na miongo miwili baadaye wanasayansi walitambua kutokana na madini na gesi zilizofungiwa katika mawe ya jamii yake kwamba lilikuwa kipande cha Mirihi kilichong'olewa na mgongano wa kale. Mirihi ilikuwa imefika Afrika kabla mtu yeyote hajaanza kuifuata.

Wa mwisho alikuwa Gordon Cooper, aliyeizunguka dunia mara 22 tarehe 15 na 16 Mei 1963. Siku hizo wajumbe wa nchi huru za Afrika walikuwa wakikusanyika Addis Ababa kwa mkutano ulioanzisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Cooper, akipita karibu na Zanzibar dakika chache baada ya kuipita Addis Ababa, alitoa kwa redio salamu za kuwatakia viongozi wa Afrika mafanikio. Salamu hizo zilikuwa siasa kama zilivyokuwa adabu. Mkutano huohuo uliunda Kamati ya Ukombozi na kuiweka makao makuu Dar es Salaam, na kwa namna hiyo mji uliokuwa chini ya njia ya wanaanga ukawa mji wa wapigania uhuru. Kurasini, iliyo upande wa Temeke, ilikuwa makao ya Taasisi ya Msumbiji, shule ya wakimbizi iliyosimamiwa na Janet Mondlane kwa ajili ya vijana wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliyamaliza mambo ya Tunguu. Siku ya pili yake Wamarekani wengi waliokuwa kisiwani, wakiwemo wafanyakazi wa kituo, waliondoshwa na manowari ya Manley, na Washington, iliyokuwa ikihofu kuona Cuba nyingine mlangoni mwa Afrika, ilichelewa kuitambua serikali mpya hadi mwishoni mwa Februari. Mwezi wa Aprili Rais Abeid Amani Karume alitangaza kwamba kituo kiondoke. Wanahistoria wa Marekani wameelekea kuuona uamuzi huo kama ushindi wa Babu, ambaye sasa alikuwa waziri wa mambo ya nje, na wa washauri wa nchi za Kikomunisti. Lakini maelezo hayo yanasahau kwamba kituo kilikuwa kikipingwa tangu 1960 na watu ambao wengi wao hawakuwa Wakomunisti wala wafuasi wa Babu, na kwamba hakuna serikali ya mapinduzi ambayo ingelivumilia kwa muda mrefu mkataba uliosainiwa na mkoloni kwa niaba yake. Wiki tatu hazikupita kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana tarehe 26 Aprili, na Muungano ukazaliwa ukiwa hauna minara hiyo. Tunguu leo inajulikana zaidi kwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Kazi ya Zanzibar ilihamishiwa Madagaska, karibu na Antananarivo, ambako kituo kilihudumia safari za Wamarekani za Gemini na Apollo hadi utawala mpya wa Didier Ratsiraka ulipokifunga mwaka 1975. Mfano huo unazuia hitimisho jepesi kwamba kibaya kilikuwa saini ya mkoloni peke yake, kwani Madagaska ilikuwa huru ilipokubali. Kilichokosekana pote pawili ni wananchi kuona chochote kinachobaki kwao baada ya chombo kupita.

Mtu aliyelielewa jambo hilo mapema, ingawa dunia ilimchukulia kama kichekesho, alikuwa Mzambia Edward Makuka Nkoloso, mwalimu, askari wa zamani wa Vita Kuu ya Pili na mfungwa wa siasa, ambaye mwaka 1964, nchi yake ikielekea kwenye uhuru wa tarehe 24 Oktoba, alitangaza kwamba Zambia itapeleka watu Mwezini na Mirihi kabla ya Wamarekani na Warusi. Mazoezi yake karibu na Lusaka yalikuwa ya kuwaingiza vijana katika pipa la mafuta na kuliviringisha mlimani ili wazoee hali ya kukosa uzito. Msafiri mkuu alikuwa msichana wa miaka 17, Matha Mwamba, akifuatana na paka wawili na mmisionari. Na fedha, pauni milioni saba, ziliombwa UNESCO bila mafanikio. Waandishi wa Ulaya walicheka, na wengine bado wanacheka. Lakini Nkoloso aliandika pia kwamba alikwisha kumwonya mmisionari wake asiwalazimishe wenyeji wa Mirihi kuingia Ukristo kama hawautaki, na katika sharti hilo mtu aliyetawaliwa anasikika akiigeuza historia nzima ya upelelezi wa Afrika, kutoka kwa Livingstone hadi kwa Stanley, na kuiuliza maswali yake. Mwandishi wa Zambia Namwali Serpell ameonyesha kwamba mpango huo ulikuwa na kejeli ya makusudi ndani yake na uhusiano na harakati za siasa, na hoja hiyo ina nguvu, kwa kuwa baadaye Nkoloso alifanya kazi katika kituo cha ukombozi cha Lusaka, shughuli iliyokwenda sambamba na ile ya Kamati ya Dar es Salaam.

Kwa Tanzania Bara, safari zilizofuata zilikuwa za kusikia tu. Neil Armstrong alipokanyaga Mwezi ilikuwa saa 11:56 alfajiri ya Jumatatu tarehe 21 Julai 1969 kwa saa za Dar es Salaam, na kwa kuwa Bara haikupata televisheni hadi mwaka 1994, watu wa Temeke waliipata habari hiyo kwa redio na magazeti. Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka miwili, na kauli inayonasibishwa na Mwalimu Nyerere, kwamba wakati wengine wanahangaika kufika mwezini yeye anahangaika kufika kijijini, ilikuwa sera zaidi ya mzaha: barabara, zahanati na madarasa ndiyo yaliyokuwa umbali uliohesabiwa. Hata ile sahani ya dhahabu iliyobebwa na vyombo vya Voyager mwaka 1977, yenye salamu za lugha 55 kwa viumbe watakaoikuta, ina Kiganda na Kinyanja lakini haina Kiswahili.

Safari ya Mirihi ni jambo la kipimo kingine kabisa. Glenn alikuwa mbali na Tunguu kwa kilometa mia chache, na maneno yake yalifika papo hapo. Mirihi, kutegemea mahali sayari mbili zilipo katika mizunguko yao, huwa umbali wa kilometa kati ya milioni 55 na milioni 400 hivi, kwa hiyo salamu ya redio huchukua kati ya dakika tatu na dakika 22 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Daktari wa Mirihi hataweza kuwa duniani. Nafasi nzuri ya kuondoka hupatikana mara moja katika kila miezi 26, mwendo ni wa miezi sita hadi tisa, na anayefika hulazimika kungoja sayari zirudi katika mpangilio unaofaa, hivi kwamba safari nzima hukaribia miaka mitatu katika mnururisho, yaani miali ya jua na ya nyota za mbali inayoharibu chembe hai za mwili. Mawasiliano ya umbali huo hutegemea madishi makubwa yaliyowekwa California, Hispania na Australia. Afrika ilikuwa na lake, Hartebeesthoek nchini Afrika Kusini, lililotumika wakati Mariner 4 ilipoleta picha za kwanza za karibu za Mirihi mwaka 1965, lakini NASA, shirika la anga la Marekani, ililiacha mwaka 1974. Na katika habari hii ni vigumu kutoona kwamba dishi hilo lilikuwa katika nchi ya ubaguzi wa rangi wakati nchi huru zikiikataa minara.

Kwa upande wa kurusha, pwani hii bado ina mali ambayo hakuna mkataba unaoweza kuihamisha. Dunia inapojizungusha kuelekea mashariki, mtu aliye kwenye Ikweta huchukuliwa kwa kasi ya kilometa 1,670 kwa saa bila kutumia tone la mafuta, na roketi huirithi kasi hiyo. Katika latitudo ya Temeke, takriban digrii saba kusini, kasi hiyo hupungua kwa kilometa 12 tu, na mbele yake kuna bahari ambayo mabaki ya roketi yanaweza kuangukia bila kumdhuru mtu wa nchi kavu. Sababu hizohizo ndizo zilizomleta Mtaliano Luigi Broglio katika Ghuba ya Ungwana karibu na Malindi, ambako majukwaa ya baharini ya San Marco na Santa Rita yalirusha setilaiti tangu Aprili 1967 hadi Machi 1988. Mojawapo, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilipewa jina Uhuru, nayo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksrei kutoka angani. Kituo cha nchi kavu cha Malindi hakikufungwa kamwe. Katika safari ya Shenzhou 6 ya Oktoba 2005 Wachina nao walikitumia Malindi kuwafuatilia wanaanga wao, wakirithi kazi iliyoachwa Tunguu miaka 41 kabla.

Wakenya hawakuridhika na kila kitu kuhusu Malindi, na kutoridhika kwao kulichukua njia ya karatasi. Desemba 1976 Kenya na Uganda, pamoja na Zaire, Kongo na nchi nyingine nne za Ikweta, zilitia saini Tamko la Bogotá, zikidai kwamba sehemu ya obiti iliyo kilometa 36,000 juu ya Ikweta, ambako setilaiti huonekana kama imesimama, ni mali ya asili ya nchi zilizo chini yake. Dai hilo lilikataliwa na mataifa yenye roketi, ambayo yalitegemea Mkataba wa Anga za Juu wa Januari 1967 unaozuia dola yoyote kujimilikisha anga, Mwezi au sayari. Na kisheria yalikuwa na hoja, ingawa ni rahisi kuhubiri kwamba kitu si cha mtu yeyote pale anayeweza kukifikia ni wewe peke yako. Swali hilohilo limerudi katika Makubaliano ya Artemis, kanuni zilizoandaliwa na Marekani kwa ajili ya Mwezi na baadaye Mirihi, ambayo Rwanda ilitia saini Desemba 2022 siku moja na Nigeria, zikiwa za kwanza barani. Mkataba mpya wa Malindi, uliosainiwa na Kenya na Italia Oktoba 2016 baada ya mazungumzo marefu, uliongeza mambo ambayo hayakuwamo katika karatasi za Tunguu: mafunzo kwa wataalamu wa Kenya, haki ya kupata takwimu zinazopokewa na kituo, tiba ya mbali kwa njia ya setilaiti, na mpango wa kituo cha kanda cha uchunguzi wa dunia.